Dagaa Mlangoni

Kijijini, kwa njia ya Ushirombo
9 Machi 1975

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na watoto, na ule mguu wako uliokuwa unavimba uwe umepungua. Huku mvua zimenyesha vizuri, mahindi yamebeba, na Valerian hajambo, anakusalimu sana. Mimi mwili haujambo. Kinachonisumbua si mwili, ndiyo maana nakuandikia.

Wewe ndiye uliyenifunda siku ya harusi, ukaniambia jambo likinishinda katika ndoa nikuambie wewe kwanza. Jambo lenyewe si Valerian. Mume wangu ni mtu mwema, anafundisha watoto asubuhi na watu wazima alasiri, na hajawahi kunipandishia sauti. Jambo langu ni watu.

Unajua tulivyoishi kule Ibadakuli, nyumba yetu peke yake, boma la minyaa pande zote, jirani wa karibu mpaka umpigie kelele ndipo asikie. Hata nilipoolewa huku, mwanzo tulikaa hivyo hivyo, shambani kwetu. Mwaka jana ikaja operesheni ya vijiji, tukahamishwa wote, na sasa nyumba zimepangwa kwa mistari. Nikitoka kumwaga maji ya vyombo, macho. Nikianika nguo, macho. Kwenda kisimani lazima nipite mbele ya mstari mzima, na kila nyumba kuna mama amekaa nje anachambua mboga, na kila mmoja lazima nisimame, nipige goti, nimwamkie, nimwulize watoto, mume, ng'ombe, mpaka mwisho. Wenzangu wanafanya bila hata kuwaza. Mimi, kabla sijaifikia nyumba ya kwanza, moyo unapiga mpaka nausikia masikioni, viganja vinatoka jasho, ulimi unakauka. Nikishasalimia, nakwenda njia nzima najiuliza nimekosea wapi na wamenicheka nini. Kwa hiyo siku hizi napita nyuma ya nyumba, kwenye magugu, kama mwizi wa kuku.

Basi wanasema mke wa mwalimu anaringa. Mimi, Shangazi! Na ningeyavumilia hayo kama si jambo la mwezi uliopita. Huku akina mama wana chama chao cha misiba. Kukitokea kifo, kila mwanamke anajitwika mzigo wa kuni na unga, anakwenda kukaa na wafiwa na kupika. Alifariki mzee mmoja mstari wa pili. Nilifunga kuni zangu vizuri, nikafika mpaka kwenye njia ya kuingia uani kwao. Nikawakuta wamekaa chini wamejaa, na wote wakageuza nyuso kunitazama. Miguu ikagoma. Nikatua kuni pale pale njiani, nikarudi nyumbani nikajifungia, nikalia mpaka Valerian alipotoka shule.

Niambie, nimerogwa? Valerian anasema nisali rozari. Nimesali. Tafadhali usimwambie Baba. Unamjua kaka yako alivyo mkali, atasema nimemwaibisha.

Mwanao,
Theopista

*

Nkome
2 Aprili 1975

Mwanangu Theopista,

Marahaba, na marahaba nyingine ya akiba. Mguu umepungua, umebaki ubishi wangu tu. Huku ziwa limetulia na dagaa wanapatikana mpaka tunakosa pa kuwaanika. Wachimbaji wa kule Geita wakishuka kununua hawajui kubembeleza bei, kwa hiyo nisikudanganye, tunakula.

Nimeisoma barua yako nikiwa nimekaa juu ya gunia pale mwaloni, ufukweni wanaposhusha samaki, na kwa jinsi nilivyoukunja uso wenzangu wakadhani nimeletewa habari ya kifo. Nani akuroge wewe? Nani apeleke kuku wake kwa mganga kwa ajili ya msichana ambaye hata hajagombana na mtu? Hakuna uchawi hapo. Ni deko, mwanangu. Ulikua peke yako na baba yako asiyeongea, hukuzoea watu. Mimi kila siku nabishana na wavuvi, wanaume wazima wenye ndevu, wananitukania mpaka samaki wangu, na jioni nakula nashiba nalala.

Sasa sikiliza. Nakuletea gunia la dagaa kwa Nassibu, yule dereva wa lori, mume wa Mwanne mwenye duka dogo pale Ushirombo. Pima kila nyumba ya mstari wenu bakuli moja, upeleke, ubishe hodi, useme: "Shangazi yangu wa Nkome amewaletea kitoweo." Maneno ni hayo tu, hata mtoto anayaweza. Mtu akiwa na kitoweo mkononi hakuna anayemtazama usoni, wote wanatazama bakuli. Ukimaliza mstari mzima utakuwa umezungumza na kila mtu na utakuwa umepona.

Na usinijibu kwamba umeshindwa.

Shangazi yako,
Salvina

*

Kijijini
11 Mei 1975

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wote hamjambo huko ziwani. Dagaa walifika salama, ingawa lori lilinasa kwenye tope pale Katoro na Nassibu anasema alilala juu yao. Ahsante sana. Ningependa barua iishie hapa.

Nilipima kama ulivyosema. Kila fungu nililifunga kwenye karatasi ya kaki, nikalikaza kwa uzi wa katani ili lisimwagike. Nikachukua moja nikaenda kwa Mama Maige, jirani yetu wa kulia, ambaye ndiye kiongozi wa chama cha misiba na ndiye mkunga wa kijiji. Nikamsikia ndani anacheka na wenzake. Nikarudi. Kesho yake vile vile, na kesho yake tena. Harufu ya dagaa ikajaa nyumba, Valerian anapiga chafya tu. Ndipo nikapata wazo nililoliona zuri sana: niamke kabla ya watu, niweke fungu moja kila mlango, wakifungua wakute kitoweo, wafurahi. Nilisahau niko wapi. Nani huku anakuta kitu kimefungwa kwa uzi kizingitini, hajui kimetoka wapi, akakibeba kukipeleka jikoni?

Kulipopambazuka nikasikia mayowe. Hakuna aliyegusa kwa mkono. Waliyasukuma mafungu kwa vijiti mpaka njia panda, wakayachoma moto. Dagaa wako wote, Shangazi, harufu nzuri kijiji kizima, na hakuna mtu aliyethubutu hata kumeza mate. Balozi wa nyumba kumi akaita mkutano. Maige, mtoto wa huyo jirani yetu, alikuwa anaharisha tangu juzi yake, basi na hilo likaingizwa humo humo. Halafu mtu mmoja akauliza, hivi ni mlango gani ambao haukuwekewa? Ulikuwa mmoja tu mstari mzima. Nilikuwa nimesahau kujiwekea mimi mwenyewe.

Balozi aliniuliza kwa upole kabisa: "Mke wa mwalimu, unajua lolote?" Wote wakanigeukia. Jibu nilikuwa nalo, fupi, kwamba ni dagaa wa shangazi yangu. Likakaa hapa kooni na halikutoka. Nikasimama nikaondoka, mkutano haujaisha.

Valerian alikwenda kueleza. Wakamsikiliza mpaka mwisho, kisha Mama Maige akamwambia: "Mwalimu, sisi hatujasema mkeo ni mchawi. Ila mtu mwenye nia njema anatoa kwa mkono na mdomo unasema. Mdomo wake uko wapi?" Wakakumbuka na zile kuni nilizoziacha njiani. Akina mama wakaamua nitengwe. Sisalimiwi, sipewi moto, sishiki kamba ya kisima, mpaka nipike chakula, nimwalike kila mwanamke kwa mdomo wangu mlangoni kwake, kisha nisimame mbele yao wote niseme nilikuwa na maana gani. Valerian haruhusiwi kunisemea.

Nikuambie kweli: siku ya kwanza nilifurahi. Nilipita mbele ya nyumba zote na ndoo yangu, hakuna aliyeniita, hakuna aliyenitazama, na moyo ukatulia kabisa. Nikasema kumbe dawa yenyewe ndiyo hii. Furaha hiyo haikumaliza hata wiki. Nachota maji kwenye dimbwi la ng'ombe, mbali. Usingizi unanipotea nikisikia wenzangu wanatwanga pamoja na kuitana majina. Sikujua kama nitawatamani watu ninaowakimbia.

Na sasa nina mimba, Shangazi, inaingia mwezi wa tano. Mkunga ni Mama Maige, na aliyetengwa hazalishwi. Valerian ameanza kusema labda nirudi Ibadakuli kwa Baba nikajifungulie huko, nikae huko kwanza. Hiyo "kwanza" hakusema inaishia lini. Nampenda mume wangu na sitaki kuondoka. Kusimama mbele yao nako siwezi. Nisaidie, lakini usiniambie niache deko.

Mwanao,
Theopista

*

Nkome
1 Juni 1975

Mwanangu,

Marahaba. Pole. Pole sana, na pole ya mimba pia, ambayo ni habari njema uliyoificha chini kabisa ya barua kama mtu anayeficha nyama. Huku tu wazima.

Nimekaa na barua yako siku nyingi bila kujibu, jambo ambalo si kawaida yangu. Nilikutuma vitani na gunia la dagaa. Nilifikiri kwa kuwa mimi naona ni rahisi, basi ni rahisi. Tena nimekuwa nikikumbuka mtu mmoja, na kadiri ninavyomkumbuka ndivyo ninavyokuelewa. Mtu huyo ni baba yako.

Unamjua baba yako Dominiko kuwa ni mkali. Watu wa Ibadakuli wanamjua kuwa ana majivuno, haendi kwenye pombe, hakai kwenye vikao, kanisani anasimama mlangoni na Misa ikiisha hakuna anayemwona. Mimi nilikuwa dada yake kabla hajawa baba wa mtu. Wageni wakija nyumbani, alikuwa anakwenda nyuma ya ghala la mtama, anakaa huko mpaka waondoke, hata kama ameachiwa nyama. Siku ya harusi yake tulimtafuta mpaka bibi harusi akaanza kulia. Mjomba alimkuta zizini, na suti yake, ameshika pembe za ng'ombe, anatetemeka. Sisi tulicheka. Tulicheka miaka mingi. Hakuna hata mmoja aliyemwuliza alikuwa anasikia nini.

Sasa jiulize, hivi baba yako kweli anaringa? Wewe uliishi naye na mimi nimeishi na nyinyi wote wawili, na hatukuona kwamba ni jambo moja. Kwake tuliliita ukali, kwako nimeliita deko. Ni hofu, mwanangu. Wengine wanaogopa nyoka, na hakuna anayewaambia wanaringia nyoka.

Siwezi kukuambia uiondoe. Baba yako ana mvi na hofu yake haijaondoka. Ninachoona ni kwamba yeye aliipisha kila mahali, akaiachia harusi, akaiachia kanisa, akaiachia pombe, mpaka amebaki na ng'ombe. Wewe usiipishe kijiji kizima. Ila safari hii tutakwenda polepole, nimejifunza.

Anza na mtu ambaye hajakutenga. Mwanne hayumo katika chama chenu, yuko mjini. Tena Mwanne huongea yeye tu tangu unapobisha hodi mpaka unapoondoka, hakuachii nafasi hata ya kukosea. Kwa hiyo nimemwagiza hivi: barua zangu zinazopitia dukani kwake, baada ya hii, asimpe Valerian. Ukizitaka utazifuata dukani mwenyewe. Unaweza kunichukia kwa hilo, nitavumilia.

Na neno moja la mwisho. Ukishindwa kusema jambo lingine lolote, sema unaogopa. Hilo unalo tayari, huna haja ya kulitafuta.

Shangazi yako anayekupenda,
Salvina

*

Nkome
20 Julai 1975

Theopista mwanangu,

Kama unasoma maneno haya, basi umesimama kwenye duka la Mwanne, na yeye anaendelea kuzungumza, usimjali. Mzima lakini? Mtoto anacheza tumboni?

Nassibu ameniambia ulionekana mara kadhaa chini ya ule mti wa mbele ya duka, ukageuka. Nilitaka kulia, kisha nikasema hapana, mtu aliyefika chini ya mti amekwisha kutoka nyumbani. Kama leo umeingia ndani, jua kwamba moyo ulipiga, jasho likatoka, na bado umeingia. Kazi ya kijijini ni hiyo hiyo, milango tu ndiyo mingi.

Nina jambo la kukuambia na utanikasirikia. Nimemwandikia baba yako. Ulinikataza, na mimi nimeona mimba na maji ya dimbwi la ng'ombe ni makubwa kuliko katazo lako. Katekista aliyempelekea barua anasema kaka yangu aliisoma akiwa amesimama, akaikunja, akaitia mfukoni, akaenda kuangalia ng'ombe. Usitegemee lolote kutoka huko, ila ujue anajua.

Shangazi yako,
Salvina

*

Kijijini
5 Oktoba 1975

Shangazi wangu mpendwa,

Shikamoo, shikamoo tena. Nisamehe kwa kimya kirefu. Sisi wote ni wazima, na nikisema wote nahesabu na mgeni: nimejifungua mtoto wa kiume, anaitwa Kamili, mweusi, mnene, na masikio ni ya Baba kabisa. Aliyenizalisha ni Mama Maige. Sasa nikueleze ilivyokuwa.

Barua yako ya Julai ilikaa kwa Mwanne karibu wiki tatu. Ni kweli nilikuwa nageukia chini ya mti. Siku niliyoingia sikuwa na ujasiri wowote, nilikuwa na kiu. Mwanne akaniona nimesimama juani na tumbo langu, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka sokoni, "Wewe ndiye wa Salvina! Njoo ndani kabla hujazalia barabarani!" Ulisema kweli, sikupata nafasi ya kukosea. Alinieleza habari za Nassibu, bei ya sabuni, jino lake, na alipovuta pumzi nikajikuta nimeuliza, "Jino lipi?" Nilirudi nyumbani nimechoka kama niliyelima kutwa, lakini wiki iliyofuata nilikwenda tena, na siku hiyo niliagiza chumvi mbele ya wateja wengine.

Baadaye nikamwambia Valerian asiandike Ibadakuli kwamba nakwenda. Nikasema nitapika. Alinitazama, akakaa kitini. Kesho yake akatafuta mbuzi.

Kualika kulinichukua siku nyingi, mlango mmoja asubuhi, mmoja jioni, siku nyingine hakuna. Kila mlango nilipiga goti, nikaamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka mayu, nawaalika kwangu Jumapili baada ya ibada." Walitakiwa kunisikiliza bila kunijibu, ndiyo desturi yao. Shangazi, lile lilinisaidia! Nilikuwa nasema naondoka. Kwa Mama Maige nilikwenda wa mwisho. Mkono wangu ulitetemeka hata nikashika kizingiti, na nikaona ameuona.

Jumapili yenyewe, asubuhi na mapema, nachochea moto, nikasikia mtu anakohoa nje. Ni Baba, kumbe Valerian alimwandikia siku. Amepanda basi mpaka Kahama na lori mpaka hapa, na kofia yake ya kanisani, na debe la mchele begani. Nikamwamkia, akaitikia, akauliza ng'ombe wa Valerian wako wapi. Nikamwonyesha. Nikajua ndiyo basi, atakaa huko zizini mpaka watu waondoke, na wala sikumlaumu, maana nilitamani kwenda naye.

Wakaja wote, mstari wetu na mstari wa pili, wakakaa chini uani. Wanaume wachache na balozi wakakaa pembeni na Valerian. Mama Maige akasimama akasema, "Aliyetuita atuambie." Nikatoka jikoni. Nilikuwa nimeyapanga maneno wiki nzima, nikiyasema kwa mbuzi, kwa sufuria, kwa mtoto tumboni. Nikatazama nyuso zile, na yakaondoka yote. Nikasikia kuku, nikasikia mtu anajisafisha koo. Nikaanza kutazama njia ya kukimbilia, ile ya magugu.

Hapo nikamwona Baba anatoka nyuma ya nyumba amebeba kigoda. Hakwenda kwa wanaume. Alipita katikati ya wanawake wote wale, wakimpisha huku wanashangaa, akaweka kigoda chake katikati kabisa ya ua, mahali ambapo kila mtu anamwona, akakaa ananitazama. Akavua kofia akaiweka magotini. Kofia ilikuwa inacheza, Shangazi, kwa jinsi mikono yake ilivyotetemeka. Jasho lilimtoka hadharani. Na hakuondoka.

Basi nikasema. Nikasema, "Dagaa walikuwa wa shangazi yangu, niliwaletea kwa upendo. Niliwaweka milangoni kwa sababu nawaogopa. Siwachukii. Nawaogopa watu wote, tangu utoto, na sijui kwa nini. Kuni zile nilizileta msibani, nikawaogopa, nikazitua. Nikipita nyuma ya nyumba siringi, naogopa." Sauti ilikuwa ndogo, wa nyuma wakauliza, "Anasemaje?" na ikabidi niseme tena, yote, kwa nguvu zaidi. Fikiria hilo!

Kisha Mama Maige akapiga makofi akacheka, si kicheko kibaya. Akasema, "Ng'wanone, mwanangu wee, unatuogopa sisi? Sisi ndio tuliokuwa tunakuogopa wewe! Unapita magugu kimya kimya, hatukusikii, tunaambiana leo amekwenda kuchimba nini." Wakacheka wote, na mimi nikacheka huku nalia. Akaniita nikae karibu yake, akaweka mkono tumboni kwangu bila kuniomba ruhusa, akasema mtoto amekaa vibaya na kwamba nisichote tena maji mbali. Halafu wakala, wakamaliza hata ukoko. Mmoja akaniuliza kwa kunong'ona kama shangazi yangu hana dagaa wengine, kwa sababu ile harufu ya njia panda iliwatesa.

Baba aliondoka kesho yake. Nilitaka kumsindikiza, na kwa mazoea nikashika njia ya nyuma. Akasimama. Akasema, "Leo tupite mbele." Tukapita mbele, nyumba baada ya nyumba, yeye anavua kofia na mimi napiga goti, na kila nyumba wakatuuliza habari zetu mpaka mwisho. Tulipofika barabarani shati lake lilikuwa limelowa. Nikamwambia, "Ahsante, Baba." Akatazama upande wa lori linakotokea, akasema, "Siku ile yangu hakuna aliyekuja kukaa." Sikuelewa mara moja. Nilipoelewa, alikuwa amekwisha panda.

Mwanao,
Theopista

*

Kijijini
18 Januari 1976

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Gunia limefika, na safari hii nimeligawa mlango kwa mlango, kwa mkono na kwa mdomo. Nilianza asubuhi nikamaliza kesho yake jioni, kwa sababu sasa wanakataa niondoke. Kamili ameota jino. Baba ameandika, barua yake ya kwanza tangu niolewe. Anasema Krismasi alikaa benchi la tatu kutoka nyuma.

Usidhani imekwisha. Nikiona watu wengi bado moyo unaruka, na jana nilijificha jikoni mgeni wa Valerian alipokuja, nikajitoa mwenyewe baada ya muda. Mama Maige amenizoea, anasema mimi ni kama pampu ya kisima, lazima ivutwe kidogo ndipo itoe maji.

Nilitaka kukuandikia mengi, lakini kumetokea kifo mstari wa tatu, mama mmoja aliyekuja kula mbuzi kwangu siku ile, aliyekuwa amekaa nyuma akauliza ninasemaje. Nimelia. Kuni nimezifunga, ziko mlangoni. Mkono unatetemeka, utaona kwenye mwandiko kuanzia mstari huu. Nje wananiita, "Mama Kamili, twende!" Wamesimama njia ya mbele, wamejitwika, wananisubiri mimi.

Naenda, Sh—